Yale Ambayo Kompyuta Haiwezi Kuyajua Yenyewe

Kompyuta ya mezani iliyofanya kazi ofisini huko Ulaya tangu mwaka 2009, tuseme Dell OptiPlex yenye prosesa ya Core 2 Duo, huuzwa, hupakiwa kwenye kontena, na siku moja hujikuta rafuni katika duka la vifaa vilivyotumika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mnunuzi anaifikisha nyumbani, anaichomeka, anaiwasha. Skrini inabaki nyeusi, na maandishi machache meupe yanamwarifu kwamba saa haijawekwa: abonyeze F1 aendelee, au F2 aingie kwenye mipangilio. Wengi hubonyeza F1. Hubonyeza leo, kesho na mwaka mzima, hata kidole kikazoea. Wachache hujaribu F2, wakakuta kurasa za vifupisho wasivyovielewa, wakabadilisha hiki na kile kwa kubahatisha, na mashine iliyokuwa ikiwaka ikagoma. Anayeogopa na anayebahatisha wamekwama mahali pamoja, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kurasa zile ziliwekwa za nini.

Ziliwekwa kwa ajili ya mambo ambayo mashine haina njia ya kuyagundua yenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya, na ninaamini inatosha kumwongoza mtu yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta kuukuu, awe fundi au mwalimu aliyekabidhiwa chumba cha mashine 20 za msaada. Kila mstari wa mipangilio uulizwe swali moja: je, mashine ingeweza kulijibu hili kwa kujichunguza? Kama ingeweza, iachiwe. Kama haiwezi, jibu ni la mwenye mashine, naye asipolitoa mashine itakisia. Kanuni hii haikutungwa hewani. Ukiifuatilia historia ya BIOS tangu mwanzo wake, utaona kurasa hizo zikipungukiwa na mambo kila mara wahandisi walipoipa mashine uwezo mpya wa kujitambua.

BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Ndiyo ya kwanza kufanya kazi umeme unapoingia: hukagua kumbukumbu, kibodi na kadi ya picha, hutafuta diski, kisha huukabidhi usukani mfumo endeshi, uwe Windows au Linux. Kwa kuwa inatangulia kabla diski haijasomwa, haiwezi kuiuliza diski jana waliagana vipi. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi ya kwanza Agosti 1981, yale ambayo mashine haikuweza kuyajua yalielezwa kwa swichi za kushikika: safu mbili za vijiswichi vinane vinane juu ya ubao, vidogo kiasi cha kusukumwa kwa ncha ya kalamu. Aliyeongeza kumbukumbu au kiendeshi cha diski laini alifungua kasha, akasoma jedwali kitabuni, akapanga vijiswichi. Mashine ile haikuwa hata na saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Ilipowashwa, ilimuuliza mtumiaji leo ni tarehe ngapi.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1984, IBM ilileta modeli ya PC/AT, na ndani yake chipu ya Motorola iitwayo MC146818. Chipu hiyo iliunganisha vitu viwili: saa, na kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri. Ilikuwa na baiti 64. Kati ya hizo, 14 zilishikwa na saa na vidhibiti vyake, zikabaki 50 kwa ajili ya mipangilio. Baiti 50 hazitoshi hata kuandika sentensi hii moja kwa herufi zake zote, lakini zilitosha kustaafisha vijiswichi. Mafundi waliiita kumbukumbu hiyo CMOS, jina la aina ya saketi inayotumia umeme kidogo sana ikiwa imetulia, na jina limeng'ang'ania hadi leo ingawa karibu kila chipu ya kompyuta sasa hutengenezwa kwa njia hiyohiyo. Humo kulihifadhiwa majibu: viendeshi vingapi vya diski laini, kumbukumbu kiasi gani, na diski kuu ni ya aina gani. Jibu la mwisho lilikuwa namba tupu, iliyochaguliwa kwenye orodha ya aina 14 zilizochomwa ndani ya BIOS. Diski isiyokuwemo kwenye orodha haikuwa na pa kujiandikisha.

Tabu ile ilitokana na ukweli kwamba diski za wakati ule hazikuweza kujieleza. Zilikuwa chuma na sumaku; hesabu ya mizunguko na vichwa vyake ilijulikana na kiwanda na kuandikwa kwenye karatasi. Diski za IDE zilipokuja zikiwa na saketi yao wenyewe ya kufikiri, na viwango vyake vikachapishwa mwaka 1994 kwa jina la ATA, kulikuwa na amri moja ambayo BIOS ikiitoa, diski hujibu kwa baiti 512 zenye modeli, namba ya utambulisho na ukubwa wake. Vipande vya kumbukumbu navyo vikapewa kijichipu chenye maelezo ya kasi na ukubwa wao, kisomwacho kila mashine inapowaka. Maswali yaliyokuwa ya binadamu yakahamia kwa mashine, na mistari iliyokuwa ikijazwa kwa mkono ikaandikwa neno moja, "Auto".

Kipindi cha mpito ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu kilionyesha gharama ya binadamu kuendelea kujibu maswali ambayo mashine imeshaweza kuyajibu. BIOS ya zamani ilihesabu hadi mizunguko 1,024, na vipande 63 katika kila mzunguko wa kichwa kimoja. Kiunganishi cha diski kiliruhusu vichwa 16, na kila kipande ni baiti 512. Zidisha zote upate baiti 528,482,304. Hapo ndipo diski kubwa zaidi zilipogonga ukuta katikati ya miaka ya 1990, na ili kuuruka, watengenezaji wa BIOS wakabuni njia kadhaa za kutafsiri namba hizo. Diski iliyoandikwa kwa tafsiri moja kisha ikasomwa kwa nyingine huonekana imevurugika, ilhali kila herufi iko mahali pake. Aliyeandika namba kwa mkono, au aliyegeuza njia ya tafsiri akidhani anaongeza kasi, aliweza kuifanya diski nzima ionekane tupu, na akiandika faili hata moja katika hali hiyo, anaharibu kwelikweli. Mashine ya miaka hiyo ukiikuta bado hai, mstari wa diski uachwe kwenye "Auto", isipokuwa pale unapothibitisha kwamba diski yenyewe iliandaliwa kwa namba nyingine.

Sasa tuje kwenye saa, jambo la kwanza ambalo mashine haiwezi kulijua na ndilo linaloiangusha mara nyingi. Ndani ya ubao mkuu kuna fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 15: saketi ikiigawanya kwa mbili mara 15 mfululizo inapata mpigo mmoja kwa sekunde. Fuwele inajua kuhesabu sekunde, lakini haijui ilianza kuhesabu lini. Hilo lazima iambiwe, na baada ya kuambiwa ilikumbuke hata mashine ikizimwa. Kazi ya kukumbuka hufanywa na betri bapa ya duara mfano wa sarafu, CR2032, yenye volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Huwa na akiba ya miliampea-saa 220 hivi. Saketi ya saa ikitumia mikroampea 5, akiba hiyo inafika saa 44,000, yaani miaka mitano. Hesabu hii inachukulia kwamba betri inafanya kazi usiku na mchana, na hapo ndipo tabia ya nyumba zetu inapoingia.

Tangu mpango wa ATX ulipoletwa mwaka 1995, kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa huendelea kupata umeme kidogo wa akiba, na umeme huo huilisha saa. Betri hupumzika. Lakini soketi za Tanzania, Kenya na Uganda zina swichi ukutani, na watu wengi hufundishwa tangu utotoni kuizima kabla ya kulala, kwa kuogopa radi, moto au bili. Ni tabia njema kwa usalama, na sitamshauri mtu yeyote aiache. Matokeo yake tu yajulikane: kompyuta inayozimwa ukutani kila usiku hula betri yake saa nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa katika ofisi iliyotoka, na ile iliyolala bohari au kwenye kontena imekuwa ikiila bila kupumzika. Kwa hiyo mashine ya mtumba ya umri wa OptiPlex yetu ikifika na betri iliyokufa, hakuna cha kushangaza wala kasoro ya ubao. Betri yenyewe ni ileile inayouzwa kwa ajili ya rimoti za magari na mizani ndogo.

Wengine watasema: saa ikikosea, kuna ubaya gani? Mtu anatazama saa ya simu. Ubaya wake hujitokeza mahali ambapo hakuna anayeutarajia. Tovuti salama, za benki, barua pepe na nyingine nyingi, hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Mashine iliyorudi 2009 huona cheti cha mwaka huu kuwa hakijaanza kutumika, ikakataa kufungua ukurasa na kuonya kwamba muunganisho si salama. Mwenye mashine hulaumu mtandao, hununua bando jingine, hubadilisha waya, pengine hulipia kufuta na kusakinisha Windows upya, na chanzo ni betri ya volti 3. Atakayejibu kwamba mtandao wenyewe husahihisha saa ana hoja nusu. Huduma ya saa ya Windows, kwenye mashine isiyo chini ya seva ya ofisi, kwa mpangilio wake wa kawaida huliogopa pengo linalozidi saa 15, kwa kudhani kwamba taarifa yenye tofauti kubwa kiasi hicho huenda si ya kuaminika. Pengo la miaka kumi na kitu, mara nyingi hulikataa.

Kuna mawili ya kuangalia wakati wa kuiandika saa hiyo. La kwanza ni letu sisi wenye lugha hii: BIOS huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23, kwa hiyo saa mbili asubuhi huandikwa 08 na saa mbili usiku huandikwa 20. La pili linawahusu wanaoweka Windows na Linux kwenye mashine moja. Chipu ya saa haina mahali pa kuandika eneo la saa. Inahifadhi tarakimu tu. Windows huzichukulia kuwa saa za mahali ulipo, Linux kwa kawaida huzichukulia kuwa saa za kimataifa za UTC. Ndiyo maana mashine ya namna hiyo ikiwa Nairobi au Dodoma hupotea kwa saa tatu kamili kila unapohama mfumo, na ikiwa Bujumbura au Goma hupotea kwa saa mbili. Kubadilisha betri hakutasaidia hapo. Mfumo mmoja uambiwe ufuate desturi ya mwenzake.

Betri ikifa, saa haiendi peke yake. Mipangilio yote inayotegemea kumbukumbu ile hufutika pamoja nayo. BIOS hugundua hilo kwa njia ambayo mwenye duka yeyote ataielewa: kila mipangilio inapohifadhiwa, baiti zake hujumlishwa na jumla ikaandikwa pembeni, kama jumla iliyo chini ya ukurasa wa daftari. Mashine ikiwaka hujumlisha upya. Jumla zisipolingana, hujua daftari limeharibika, ingawa haiwezi kujua ni mstari gani, basi hutupa ukurasa mzima na kurudia majibu ya kiwandani. Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa, na ndipo wengi wa wenye ujuzi kidogo hujikwaa. Husema: vizuri, majibu ya kiwandani ndiyo salama kuliko yote, mashine ikisumbua, rudisha ya kiwandani, yameisha. Ushauri huo unafaa mara nyingi, tena ndio wa kuanzia pale mtu alipobahatisha akapotea. Lakini unachukulia kwamba kiwanda kilijua yote, na kuna jambo moja ambalo kiwanda hakikuweza kulijua: historia ya diski yako.

Mfano wake wa wazi ni namna BIOS inavyozungumza na diski za SATA, kizazi kilichofuata IDE. Kwenye mashine za miaka ya 2006 hadi 2010 huwa kuna njia mbili au tatu za kuchagua. Moja huiga diski za IDE za zamani, nyingine ni AHCI, mtindo ambao Intel iliuchapisha mwaka 2004. Windows XP ya mwaka 2001 haikuzaliwa na programu ya kuielewa AHCI, kwa hiyo mafundi wengi waliosakinisha XP waliigeuza mashine kwenye njia ya IDE, wakafanya kazi yao, wakaondoka. Miaka ikapita, betri ikafa, BIOS ikarudia majibu ya kiwandani, yaani AHCI. Windows ikianza kuamka inaikosa diski yake, skrini inakuwa ya bluu, na namba 0x0000007B inatokea. Hata Windows 7, ambayo inaifahamu AHCI, huizima programu hiyo kama haikuhitajika siku ya kusakinishwa, na matokeo yakawa yaleyale. Diski ni nzima, mafaili yapo yote. Mtu atakayelirudisha jibu la zamani atafanya kazi baada ya dakika mbili. Asiyejua atafomati na kupoteza picha za arusi na hesabu za miaka. Waswahili wameshasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kubadilisha mstari wowote, kila ukurasa wa mipangilio upigwe picha kwa simu. Kazi hiyo haifiki dakika tano, na sioni sababu yoyote inayomtosha mtu kuiruka.

Mbali na saa na historia, yapo mambo ambayo hayajulikani na mashine kwa sababu ni matakwa ya mtu. Mpangilio wa kuanzia ni mmojawapo: mashine itafute mfumo endeshi wapi kwanza, kwenye diski, kwenye CD au kwenye flashi? Swali hili limepata uzito mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai UEFI, mrithi wa BIOS ya kale, na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo mashine ya 2009 haina, na njia iliyo wazi kwa wenye mashine hizo ni Linux, ambayo husakinishwa kwa kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Wengi huingia BIOS wakaitanguliza flashi moja kwa moja na kuiacha hivyo. Ningeshauri vingine. Mashine nyingi za aina hii zina menyu ya mara moja, inayofunguliwa kwa F12 kwenye Dell na Lenovo au F9 kwenye HP nyingi, na humwezesha mtu kuchagua flashi kwa siku hiyo tu. Flashi ikitangulizwa daima, kila flashi iliyosahaulika nyuma ya kompyuta inapewa nafasi ya kuiendesha mashine kabla ya kinga yoyote kuamka. Virusi vya Brain vya mwaka 1986, miongoni mwa vya kwanza kabisa kwa kompyuta za IBM, vilisambaa kwa kukaa kwenye sekta ya kuanzia ya diski laini, mahali ambapo mashine husoma kabla ya pengine pote.

Matakwa mengine ni ya umeme. Dell huuita mstari huo "AC Recovery", HP huuita "After Power Loss", na majibu ni matatu: umeme ukirudi baada ya kukatika, mashine ikae imezima, iwake, au irudi ilivyokuwa. Kiwanda huko ng'ambo hakikuwa na sababu ya kuufikiria sana mstari huu. Penye mgao wa umeme unastahili kufikiriwa kwa makini, maana umeme mara nyingi haurudi mara moja na kutulia. Hurudi, hukata, hurudi tena, ukiwa na volti zinazopanda na kushuka. Mashine iliyoambiwa iwake itajaribu kuwaka kila mara, na diski ya sahani zinazozunguka itaanza na kukatizwa mara kadhaa ndani ya dakika moja. Kompyuta ya nyumbani ikae imezima. Seva ya maabara ya shule au zahanati, yenye betri ya akiba na isiyo na mtu wa kuiwasha alfajiri, iambiwe iwake. Hakuna kipimo ndani ya kasha kinachoweza kuijulisha mashine kama mlangoni kuna mtu au hakuna.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wapenzi wa kasi. Wao husema kanuni hii inawafanya watu kuwa wanyonge mbele ya majibu ya "Auto", ilhali kumbukumbu na prosesa nyingi zinaweza kwenda kasi kuliko zinavyojitangaza. Ni kweli zinaweza, na mwenye mashine ya kuchezea michezo, feni nzuri na muda wa kuipima usiku kucha ana haki ya kujaribu. Ila vijichipu vya kumbukumbu havijitangazi chini kwa haya. Kasi iliyoandikwa ndiyo ambayo kiwanda kimeidhamini katika joto na volti za aina zote, na baada ya miaka 15 ya vumbi, katika chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, ziada iliyokuwepo imepungua. Zaidi ya hapo, kumbukumbu iliyosukumwa kupita uwezo si lazima izime mashine. Inaweza kugeuza biti moja kimyakimya, na faili likahifadhiwa likiwa na kosa lisiloonekana mpaka miezi ipite. Hata hivyo, upo mstari mmoja unaohusu prosesa ambao ningeuwasha bila kusita kwa anayetaka kuendesha mfumo endeshi mmoja ndani ya mwingine: ule wa uwezeshaji wa mashine pepe. Mara nyingi huletwa ukiwa umezimwa, na mashine haina namna ya kujua kwamba mwenyewe anauhitaji.

Wapo pia wanaoamini kwamba kosa moja kwenye kurasa hizi huua kompyuta. Hofu hii inachanganya vitu viwili vinavyokaa karibu. Mipangilio iko kwenye kumbukumbu ndogo inayofutika. BIOS yenyewe, programu, iko kwenye chipu nyingine ambayo haitegemei betri. Mipangilio ikivurugika hadi skrini isiwake, dawa ipo juu ya ubao: chomoa waya wa umeme, tafuta jampa ya kufutia CMOS (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kama ilivyoonyeshwa kwenye kitabu cha mashine au kwenye maandishi ya ubao wenyewe, ihamishe kwa sekunde chache kisha irudishe. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye kompyuta nyingi za mezani nywila ya BIOS huondolewa kwa jampa, na hivyo inamzuia mtoto mdadisi lakini haimzuii mwenye bisibisi. Siri za kweli zilindwe kwa kusimba diski. Hatari kubwa iko kwenye kuiandika upya programu yenyewe. Virusi vya CIH vililidhihirisha hilo tarehe 26 Aprili 1999, vilipoifuta BIOS kwenye baadhi ya mbao na kuziacha kompyuta zisizoweza kuchukua hata hatua ya kwanza. Kusasisha BIOS kwa sababu tu toleo jipya lipo, mahali ambapo umeme waweza kukatika katikati ya kazi, ni kuingia kwenye hatari hiyohiyo kwa hiari. Isasishwe pale tu toleo jipya linapotatua tatizo ulilonalo, na betri ya akiba iwe chini ya meza.

Je, yote haya hayajapitwa na wakati? Jukwaa la UEFI liliundwa mwaka 2005, na mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuondoa kabisa uungaji mkono wa BIOS ya kale ifikapo 2020. Mashine mpya zina kurasa za rangi na panya. Lakini ukizifungua utakuta saa, mpangilio wa kuanzia, hali ya umeme ukirudi, na jipya moja lililoongezeka: ukaguzi wa saini za programu inayoanza, ulioenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Mstari huo unauliza ni saini ya nani ambayo mashine iikubali, na swali la nani aaminiwe halijawahi kujibiwa na saketi. Nao mpaka ambao BIOS ya kale iliuacha nyuma bado unawahusu wenye mashine kuukuu: jedwali la zamani la kugawia diski huhesabu vipande kwa biti 32, kwa hiyo halivuki baiti 2,199,023,255,552. Diski ya terabaiti nne ikifungwa kwenye mashine ya 2009 na kugawiwa kwa jedwali hilo, karibu nusu yake haitatumika.

Kwa ile OptiPlex tuliyoanza nayo, basi, kazi si kubwa. Kurasa zipigwe picha zikiwa bado zinasomeka, hata kama zinaonyesha majibu ya kiwandani, ili pawe na pa kurudi. Waya uchomolewe, kasha lifunguliwe, betri mpya iwekwe upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Mashine ikiwashwa, F2 ibonyezwe, tarehe na saa ziandikwe, na njia ya SATA ilinganishwe na ile ambayo Windows iliyomo ilisakinishwa nayo. Ikigoma kwa skrini ya bluu, ijaribiwe njia ya pili kabla ya kufikiria kufomati. Mpangilio wa kuanzia uanze na diski. Umeme ukirudi, ikae imezima. Mengine yote yabaki yalivyo. Tarehe ambayo betri imewekwa nayo iandikwe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kasha, kwa ndani, kwa kuwa hakuna ukurasa wa BIOS utakaomwambia fundi wa miaka mitano ijayo.